Msimbo wazi na msimbo uliofungwa: yanayosemwa kuhusu usalama, na ukweli wake

“Msimbo ukiwa wazi hata mwizi anausoma, kwa hiyo uliofungwa ni salama zaidi.”

Mdukuzi hahitaji msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu kama yalivyoandikwa na watunzi wake. Huilisha programu data mbovu mara mamilioni mpaka ianguke, kisha huchunguza imeangukia wapi. Kiraka, yaani sasisho la kuziba kosa, kikitoka, hulinganisha faili la zamani na jipya, na tofauti humwonyesha tundu lilipokuwa. Msimbo wa Windows umefungwa, lakini Mei 12, 2017 WannaCry, programu hasidi ya kudai fidia, ilipenya kupitia SMBv1, itifaki ya zamani ya kushiriki faili, na kuenea katika nchi takriban 150. Kwa matoleo yaliyokuwa bado yanahudumiwa, Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka cha MS17-010 tangu Machi 14. Kompyuta nyingi zilizoathirika hazikuwa zimekiweka.

“Wanaosoma msimbo huria ni wengi, kwa hiyo kosa halikai.”

Dhana hii inapendwa sana na sisi tunaotetea programu huria, na ndiyo inayotuponza. Kuruhusiwa kusoma ni jambo moja, kusoma kweli ni jingine. Kosa la Heartbleed liliingia katika toleo 1.0.1 la OpenSSL, maktaba huria ya kusimba mawasiliano ya mtandaoni, lililotoka Machi 2012, likatangazwa Aprili 7, 2014. Lilikuwa hivi: kompyuta hutuma ujumbe mfupi kuhakikisha mawasiliano yangali hai, na hutaja urefu wa ujumbe huo. OpenSSL haikuhakiki urefu uliotajwa. Ukituma herufi chache ukadai ni KB 64, seva ilikurudishia herufi zako pamoja na chochote kilichokuwa jirani kwenye kumbukumbu: nywila, vidakuzi, hata ufunguo wa siri wa cheti. Maktaba hiyo ilitegemewa na sehemu kubwa ya intaneti, ilhali aliyekuwa akiifanyia kazi muda wote ni mtu mmoja tu.

“Nimeshasasisha, nimemaliza.”

Hapa ndipo seva nyingi huachwa wazi. Tuendelee na mfano huohuo. Kwenye Debian 7, mfumo endeshi wa Linux, amri ya `openssl version` ilionyesha 1.0.1e kabla ya kiraka na baada yake, maana Debian hurekebisha kosa bila kubadili namba kuu ya toleo. Ukweli ulionekana kwa `dpkg -l openssl`: kifurushi kilichotibiwa ni 1.0.1e-2+deb7u5.

Hata hapo kazi haijaisha. Seva ya tovuti kama Apache au nginx iliyokuwa ikiendelea hubaki na maktaba ya zamani kwenye kumbukumbu. Endesha `sudo lsof -n | grep DEL | grep libssl`. Kila huduma inayotokea hapo iwashwe upya. Baadaye tengeneza ufunguo mpya, omba cheti kipya, batilisha cha zamani, na mwisho kabisa waambie watumiaji wabadili nywila. Mpangilio huo usivurugwe: nywila ikibadilishwa kabla ya tundu kuzibwa, nayo itavuja.

“Ya kulipia ina kampuni nyuma yake, kwa hiyo ina ubora.”

Malipo yanaweza kukupatia huduma kwa mteja na tarehe inayojulikana ya mwisho wa viraka, na hayo yana thamani kubwa. Usafi wa programu hayauhakikishi. Mwaka 2020 ilibainika kuwa wadukuzi waliingiza msimbo wao ndani ya mtambo wa kuunda programu ya Orion ya kampuni ya SolarWinds, inayotumika kusimamia mitandao. Sasisho lilitoka likiwa na saini halali ya kampuni, na wateja wapatao 18,000 walilipokea. Soma pia mkataba wa leseni kabla ya kubofya “Nakubali”: mara nyingi fidia haizidi bei uliyolipa.

“Hashi ikilingana, faili ni safi.”

Hashi ni alama ya kidijitali inayokokotolewa kutoka kwenye faili. Amri ya kuikokotoa, `sha256sum`, inathibitisha kwamba ulichopakua ndicho kilichowekwa pale. Haisemi aliyekiweka ana nia gani. Mwaka 2024, aliyejiita Jia Tan, baada ya kuuchangia mradi wa xz, zana huria ya kubana faili, kwa zaidi ya miaka miwili, aliweka mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Sehemu ya hila hiyo ilikuwa ndani ya kifurushi cha toleo tu. Kwenye hazina ya Git, ambako msimbo huonekana na wote, haikuwemo. Mhandisi Andres Freund aliinasa kwa sababu kuingia kwenye kompyuta kwa SSH, njia ya kuingia kwa mbali ambayo mlango huo uliilenga, kulichelewa takriban nusu sekunde, na kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, aliweza kuifuatilia mwenyewe hadi kwenye mzizi.