Sukari, presha na macho: "Lakini mimi naona vizuri!"

Maswali haya yanatoka kwa watu wazima wenye kisukari na presha wanaofika chumba cha macho, wengi wao wakiwa wamechelewa. Nimeyaacha kama yanavyoulizwa.

Sukari iko kwenye damu. Macho yanaingiaje hapo?

Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba unaoitwa retina, ndio unaopokea mwanga na kuupeleka kwenye ubongo uwe picha. Utando huo unalishwa na mishipa midogo sana ya damu. Sukari ikikaa juu kwa miaka, kuta za mishipa hiyo hulegea: mingine inavujisha maji na mafuta, mingine inaziba. Sehemu ya retina iliyokosa damu hutoa kemikali ya kuita mishipa mipya, na hiyo mipya huota ovyo, ni dhaifu, inapasuka. Presha nayo ikiwa juu, mishipa hiyohiyo iliyokwisha kulegea inasukumwa zaidi.

Mimi naona vizuri, hata meseji kwenye simu nasoma. Nije kufanya nini?

Uje kupimwa. Mgonjwa anakaa mita 6 kutoka kwenye ubao wa herufi, anafunika jicho moja, anashuka mstari kwa mstari mpaka ule wa chini kabisa bila kubahatisha. Kisha ananigeukia kama mtu aliyeshinda kesi. Tunamtia dawa ya kupanua mboni, anakaa kwenye benchi kama nusu saa, daktari anachungulia ndani: madoa ya damu pande zote, na mishipa mipya imeshaanza kuota juu ya neva ya jicho. Huyo ndiye amesoma mstari wa chini.

Inawezekanaje? Kusoma ni kazi ya sehemu ndogo ya katikati ya retina, inayoitwa makula. Ugonjwa unaweza kuijaza retina yote iliyobaki na makula ikawa bado haijaguswa. Hakuna maumivu, jicho haliwi jekundu, halitoi machozi. Siku mshipa mmoja ukipasuka, utaamka unaona moshi mweusi au nyuzi kama utando wa buibui zinaelea, na hapo ndipo utakuja mbio.

Kuona vizuri si kipimo cha retina. Narudia, maana kila ninapomuuliza mtu alikuwa wapi miaka yote hiyo jibu ni moja: "nilikuwa naona vizuri". Kuona vizuri si kipimo cha retina.

Basi nije lini?

Kama una kisukari cha aina ya pili, kile kinachowapata zaidi watu wazima, njoo mara tu unapogundulika. Usisubiri mwaka upite, kwa sababu huenda umeishi nacho miaka kadhaa bila kujua na retina imeshaanza kuharibika. Baada ya hapo ni kila mwaka, au mapema zaidi ukiambiwa hivyo. Mwenye aina ya kwanza apimwe ndani ya miaka 5 tangu agundulike, kisha kila mwaka. Mama mwenye kisukari akishika ujauzito apimwe ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, kwani ujauzito huweza kuuharakisha ugonjwa huu.

Nilinunua miwani stendi, ikanisaidia. Si inatosha?

Haitoshi. Sukari inapopanda na kushuka, lenzi ya jicho nayo hubadilika, ndiyo maana miwani uliyoichagua sukari ikiwa 18 inakusumbua ikishuka kuwa 7. Unanunua nyingine, na nyingine tena. Miwani inapanga mwanga unavyoingia jichoni. Mshipa unaovuja haiuzibi.

Na asali? Maji ya majani? Kuna jirani alitumia maziwa ya mama akapona.

Jirani yako pengine alikuwa na jicho jekundu ambalo lingepona lenyewe. Retina iko nyuma kabisa, asali haifiki huko. Kinachofika ni vijidudu, na vinaishia kwenye kioo cha mbele cha jicho, ambako vinaacha kidonda na kisha kovu jeupe. Sasa una magonjwa mawili.

Na hayo matone unayonunua duka la dawa bila cheti, ya deksamethasoni, kwa sababu "yanatuliza": ukiyatumia kwa muda mrefu bila kusimamiwa yanaweza kukuletea mtoto wa jicho na presha ya macho. Naomba sana, yaacheni.

Presha ya macho ndiyo hii presha ya kawaida?

Hapana. Presha ya macho ni msukumo wa maji yaliyo ndani ya jicho, hupimwa kwa kifaa chake, na kidonge cha presha ya damu si tiba yake. Unaweza kuwa na moja bila nyingine. Pima zote mbili.

Mtaani wanasema leza, ile miale ya mwanga mnayopiga ndani ya jicho kutibu retina, inapofusha.

Najua wanavyosema, na najua uvumi ulikotoka. Mtu anakuja retina imeshavutwa na makovu, anapigwa leza kwa kujaribu kuokoa kilichobaki, baada ya miezi haoni. Mtaa unasema leza ndiyo iliyompofusha. Kilichompofusha ni miaka aliyokaa nyumbani.

Hili lilipimwa zamani. Miaka ya 1970 Marekani ilifanya utafiti kwa wagonjwa zaidi ya 1,700 wa kisukari: kila mgonjwa jicho lake moja lilipigwa leza, la pili likaachwa, kisha macho ya mtu yuleyule yakalinganishwa. Matokeo ya mwaka 1976 yalionyesha kwamba leza ilipunguza upotevu mkubwa wa uwezo wa kuona kwa zaidi ya nusu. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba watafiti hawakuona haki kuendelea kuliacha jicho la pili bila tiba.

Leza ina gharama zake, sitakuficha. Inaweza kupunguza uwezo wa kuona pembeni na gizani. Tena kazi yake kubwa ni kulinda ulichonacho, kilichokwisha kupotea kwa kawaida hairudishi. Ndiyo maana tunakutaka uje wakati bado unaona.

Na sindano ndani ya jicho? Hiyo sitaki hata kuisikia.

Jicho linatiwa ganzi kwanza, na sindano yenyewe ni sekunde chache. Dawa inazuia ile kemikali inayoita mishipa mipya na kupunguza uvimbe wa makula. Inayotumika sana ni bevacizumab, ambayo ilianza kama dawa ya saratani ya utumbo, kwa hiyo usishtuke ukiisoma kwenye karatasi yake. Huchomwa zaidi ya mara moja. Ukichomwa ya kwanza, ukaona nafuu, ukapotea, uvimbe utarudi.

Nikishusha sukari na presha, macho yatapona?

Utapunguza sana kasi ya uharibifu, na kama bado hujaathirika utajikinga. Utafiti wa Marekani na Kanada kwa watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, uliotoa matokeo mwaka 1993, ulionyesha kwamba kwa wale ambao retina zao zilikuwa bado nzima, kudhibiti sukari kwa umakini kulipunguza hatari ya kuanza kuugua retina kwa asilimia 76. Kwa aina ya pili, utafiti mkubwa wa Uingereza wa mwaka 1998 uliangalia presha. Kundi moja lilifikishwa wastani wa 144 juu ya 82, lingine likabaki 154 juu ya 87. Pointi kumi tu za namba ya juu, na kuzidi kwa ugonjwa wa retina kulipungua kwa asilimia 34. Mfikirie huyo anayeacha vidonge vya presha kwa sababu "nimejisikia vizuri". Presha haisikiki, kama vile retina inayovuja isivyosikika.

Tahadhari moja: sukari iliyokuwa juu kwa muda mrefu ikishushwa ghafla, retina iliyokwisha kuathirika inaweza kuzidi kidogo miezi ya mwanzo kabla ya kutulia. Hiyo si sababu ya kuacha dawa. Ni sababu ya kupimwa macho kabla, na kufuatiliwa.

Juzi jicho langu moja lilizima ghafla, baada ya dakika chache likarudi. Sasa naona vizuri.

Acha kusoma, nenda hospitali. Leo.

Jicho linalozima ghafla bila maumivu huweza kuwa mshipa wa damu umeziba. Likirudi, maana yake kizibo kimepita, na kingine kinaweza kupanda kwenye ubongo. Hiyo ni dalili ya hatari ya kiharusi, na siku za mwanzo ndizo hatari kuliko zote. Lisiporudi, ni dharura ya saa hiyohiyo. Usilale ukisubiri asubuhi, usimtafute fundi miwani, na tafadhali usiniambie kwamba sasa unaona vizuri.

Nilipimwa, nikapewa rufaa kwa daktari wa retina, ila naona bado niko sawa. Nikijisikia nitaenda.

Tumerudi palepale. Utafiti wa Rwanda uliochapishwa mwaka 2022 ulitumia programu ya kompyuta inayosoma picha ya retina. Waliopewa majibu papo hapo, karibu asilimia 52 walikwenda kwenye rufaa. Waliosubiri picha isomwe na mtaalamu kwa siku kadhaa, karibu asilimia 40. Programu imesaidia, nakubali. Lakini hata mtu akiambiwa uso kwa uso kwamba retina yake ina tatizo, karibu nusu wanabaki nyumbani!

Aliyekuandikia rufaa ameona ndani ya jicho lako, mahali ambapo wewe mwenyewe huwezi kupaona. Kuona vizuri si kipimo cha retina.

Siku ya kipimo nijiandae vipi?

Usije unaendesha gari wala pikipiki. Dawa ya kupanua mboni inawasha kidogo, kisha kwa saa kadhaa vitu vya karibu vinakuwa na ukungu na jua linaumiza macho. Njoo na mtu wa kukurudisha, na kofia au miwani ya jua. Kama una presha ya macho au uliwahi kuambiwa unayo, sema kabla hujatiwa matone. Lete miwani yako hata kama ni ya stendi, daftari la kliniki ya kisukari, na dawa zote unazotumia, pamoja na zile za chupa isiyo na lebo.