Hadithi ya Safari Katika Kufundisha Kiitaliano Malindi

Kiitaliano kimeota mizizi Malindi tangu miaka ya 1960, Waitaliano walipoweka kituo chao cha kurushia satelaiti huko Ngomeni, kaskazini mwa mji, ambako satelaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Baadaye walikuja watalii na wenye hoteli, na leo si ajabu kumsikia dereva wa tuktuk au muuza vinyago akipatana bei kwa Kiitaliano bila kusita, ingawa hajawahi kuketi darasani kukisoma. Hicho ni Kiitaliano cha kusikia na kuiga, nacho kinastahili heshima. Kasoro yake ni kwamba hukoma pale biashara inapokoma. Kina salamu, bei na sifa za bidhaa, lakini mwenye nacho hukwama akitakiwa aeleze jambo lililotokea jana, au amwandikie kwa adabu mgeni anayeulizia nyumba ya kupanga.

Pengo hilo ndilo tunalowaomba walimu waliangalie, na njia tunayoipendekeza ni hadithi moja ndefu ya safari, itakayosomwa na kuigizwa muhula mzima, badala ya vipande vya mazungumzo visivyohusiana na orodha za rangi na wanyama ambazo vitabu vingi huanza nazo. (Mwongozaji watalii wa Malindi atamhitaji twiga siku moja, lakini si katika somo la kwanza.) Msafiri awe mtu wa hapa hapa: tuseme ni dada mpishi wa hoteli anayekwenda Napoli kujifunza upishi wa pizza, akifuatana na kaka yake. Wanashuka uwanja wa Fiumicino, wanapanda treni iendayo stesheni ya Termini mjini Roma, na kutoka hapo wanatafuta treni ya Napoli.

Safari ina faida ambayo hadithi nyingine hazina. Katika Kiitaliano, vitenzi vingi husimulia jambo lililopita kwa msaada wa kitenzi "avere" (kuwa na), kama vile "ho comprato il biglietto", nimenunua tiketi. Lakini vitenzi vya mwendo, yaani kwenda, kufika, kuondoka, kuingia, kutoka, kupanda na kushuka, kwa kawaida hutumia "essere" (kuwa), na hapo mwisho wa kitenzi hulingana na mtendaji. Dada atasema "sono arrivata", nimefika, kaka atasema "sono arrivato", na wakiwa pamoja watasema "siamo arrivati", tumefika. Sehemu hii ya sarufi huwasumbua wanafunzi wengi, na walimu huifundisha kwa majedwali ya kukaririwa. Hadithi ya safari haiwezi kwenda hatua mbili bila vitenzi hivyo, kwa hiyo mwanafunzi hukutana navyo mara nyingi mno kabla hajaambiwa kwamba kuna kanuni. Zaidi ya hayo, mzungumzaji wa Kiswahili hana sababu ya kuogopa upatanisho, kwani amelelewa nao. Tofauti ni kwamba sisi huuonyesha mwanzoni mwa neno, na Waitaliano mwishoni.

Hadithi isiyoeleweka haifundishi. Utafiti wa wataalamu wa ufundishaji lugha Hu na Nation, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba msomaji huhitaji kuyajua takriban maneno 98 katika kila 100 ili aelewe hadithi vizuri bila msaada. Mwanafunzi anayeanza hawezi kufikia kiwango hicho, na ndiyo maana sura za mwanzo ziwe fupi sana, zisimuliwe na mwalimu kwa mdomo, kwa picha na ishara, na palipo pagumu aseme Kiswahili na kuendelea. Maneno mapya yawe machache, yarudi katika sura zinazofuata, tena yarudi katika hali tofauti.

Jambo la pili ni kumtoa mwanafunzi katika kiti cha mtazamaji. Hadithi inayopita kwenye majengo maarufu ya Roma ikiyasifia humwacha akisikiliza tu. Mwalimu aisimamishe pale msafiri anapokwama, akatae kuendelea mpaka darasa limkwamue. Katika baa nyingi za stesheni, kwa mfano, mteja hulipa kwanza kwa keshia, kisha hupeleka risiti kaunta ndipo apewe kahawa. Asiyejua atasimama kaunta akisubiri bure. Tiketi ya karatasi ya treni za mikoa hugongwa muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda, na anayesahau anaweza kutozwa faini. Hadithi inaposimama mahali kama hapo, mwanafunzi analazimika kumkabili mtu asiyemjua, naye atatumia lugha ya heshima ambayo ufuoni haisikiki sana: "Scusi, da quale binario parte il treno per Napoli?", yaani samahani, treni ya Napoli inaondokea jukwaa lipi? Jibu atakalopewa liamue kinachofuata. Akiuliza vibaya na kuelekezwa jukwaa lingine, basi treni imuache, na somo la kesho liwe la kutafuta treni inayofuata.

Kesho yake mwanafunzi asimulie upya yaliyotokea, mara moja kama dada, mara nyingine kama kaka, kisha ayarekodi kwa simu kama ujumbe wa sauti kwa mwenyeji wao Napoli. Hapo mwalimu asahihishe, wala si katikati ya maigizo, ambako kumkatiza mtu kila neno humfunga mdomo.

Muhula wa pili hadithi igeuzwe, Mwitaliano awe mgeni na mwanafunzi awe mwenyeji wake. Wakifika magofu ya Gede, ambayo yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024, "siamo arrivati" haitoshi tena, kwa sababu mgeni anataka kujua watu waliishi vipi mahali hapo. Mwongozaji atahitaji wakati mwingine wa uliopita, ule wa kueleza hali iliyoendelea: "qui vivevano", hapa walikuwa wakiishi, "qui c'era la moschea", hapa palikuwa na msikiti. Somo hilo lifundishwe magofuni penyewe, darasa likiwa limesimama mbele ya kuta hizo, na kila mwanafunzi apewe sehemu moja ya kueleza: msikiti mkuu, jumba la mfalme, kisima au kaburi lenye nguzo.