"Chuma kinagandisha" na maneno mengine yaliyonichosha dukani

Nauza vyombo vya jikoni Kariakoo. Haipiti siku hajaingia mtu na frampeni ya nonstiki iliyochubuka katikati kama ngozi yenye ukurutu, anataka "nyingine kama hii, ila ya bei kubwa kidogo, idumu". Namwonyesha kikaango cha chuma. Anakipima uzito mkononi, anakirudisha: "Hapana kaka, chuma kinagandisha."

Namuuliza nyumbani chapati anapikia nini. Chuma cha chapati, alichopewa na mama mkwe. Zinaganda? "Aa, hicho hakigandishi, ni cha siku nyingi." Sasa dada yangu, hicho ni nini kama si chuma?

Siri ya mama mkwe ni mafuta. Yakipata moto mkali juu ya chuma hayabaki mafuta tena, yanageuka utando mweusi, mgumu, unaoongezeka kila unapokaanga. Chuma kipya cha kijivu hakina utando huo, ndiyo maana yai la kwanza linang'ang'ania na kikaango kinaishia uvunguni. Kitengeneze kwanza. Kioshe kwa sabuni kutoa mafuta ya kiwandani, kikaushe motoni, kipake mafuta ya alizeti kwa kitambaa, halafu (hapa ndipo wengi wanapoharibu) yafute kana kwamba uliyapaka kwa bahati mbaya. Yakibaki mengi yanakuwa gundi. Kiache motoni kitoe moshi mpaka uishe, madirisha yakiwa wazi. Rudia mara tatu nne.

Tena kuna kukaanga kwenyewe. Mtu anamimina mafuta kwenye kikaango cha baridi, anapasua yai, ndipo anawasha jiko. Litaachaje kuganda? Nina jiko dogo la gesi hapa dukani kwa ajili ya wabishi. Napasha kikaango kitupu, nadondosha tone la maji. Likitulia likachemka, bado. Likikimbia kama gololi, napunguza moto, natia mafuta, nasubiri kidogo, kisha yai. Kingo zikiwa nyeupe natikisa mkono, yai linateleza lenyewe. Mbishi anakula yai, na siku nyingine hata ananunua.

Nonstiki ya bei kubwa nayo? Kitako kinene kinasaidia, lakini kama utando wake wa kuzuia kuganda ni tefloni, ni tefloni tu: ukivuka takriban nyuzi 260 unaanza kuharibika. Kikaango kitupu juu ya mkaa uliokolea kinafika huko haraka kuliko unavyokata kitunguu. Unayepikia mkaa, nonstiki si ya kwako, ya bei yoyote. Wa gesi, nunua ya kawaida, iwe ya mayai tu, moto mdogo, mwiko wa mti.

"Vile vipande vilivyobanduka vinaleta saratani." Ukimeza kipande kinatoka kama kilivyoingia. Iliyoleta kesi ni PFOA, kemikali iliyokuwa ikitumika kiwandani kutengeneza tefloni, ambayo viwanda vikubwa vya Marekani vilijifunga kuiacha kufikia mwaka 2015. Cha kuogopa ni moshi wa nonstiki iliyosahauliwa motoni. Huo unaua kasuku ndani ya nyumba, na binadamu unaweza kumpa homa.

Sabuni? Osha bila wasiwasi, ila usiloweke usiku kucha. Kutu? Stilwaya, mafuta, motoni tena. Kikaango changu cha nyumbani nilikitoa kwa muuza chuma chakavu, kilikuwa chekundu chote.

Wanachosema kweli ni kwamba chuma hakipatani na nyanya na ukwaju. Tindikali inakula utando, kwa hiyo mchuzi upike kwenye sufuria. Ila zile sufuria nzito za alumini zinazoyeyushwa mtaani kutokana na vyuma chakavu nawakataza hata ndugu zangu. Vipimo vya Kamerun na nchi nyingine vimekuta madini ya risasi, ambayo ni sumu, ndani yake, na hayaonekani kwa macho.

Ukija kuchagua, usiniulize rangi. Chukua kinene, mpini na mwili chuma kimoja, maana mpini wa plastiki ndio unaotangulia kufa kwenye mkaa. Kisha kiweke juu ya kioo cha kaunta yangu, ukizungushe kwa kidole. Kikicheza kama pia, kitako kimepinda. Nipe nikupe kingine.