Kabla ya kitufe cha "Lipa": ninavyopanga kipengele kipya daftarini

Sehemu kubwa ya kazi yangu ni programu za vyama vya akiba, vile vya wanachama ishirini au thelathini wanaochanga kila mwezi na kukopeshana. Ombi ninalolisikia zaidi ni hili: "Tuwekee kitufe, mwanachama abonyeze alipe mchango wake kwa M-Pesa." Kwa mtu anayeliona mara ya kwanza, hiyo ni kazi ndogo. Safaricom wana API yao ya Daraja, yaani njia ya programu nyingine kuzungumza na M-Pesa, na mifano ya msimbo imejaa mtandaoni. Kisichokuwemo kwenye mifano hiyo ni chama chenyewe: katiba yake, faini zake, mweka hazina wake. Ndiyo maana nafungua daftari kwanza, na kompyuta inasubiri.

Naanza na swali moja: malipo haya yanaweza kuwa katika hali ngapi? Wengi husema mbili, yamelipwa au hayajalipwa. Tufuate muamala mmoja tuone. Mwanachama anabonyeza kitufe. Seva yetu inatuma ombi, na Daraja inajibu kwa ResponseCode 0 pamoja na namba ya ombi, CheckoutRequestID. Sifuri hiyo maana yake ni kwamba ombi limepokelewa, basi. Mwanachama bado hajaingiza namba ya siri. Huenda simu iko kwenye mkoba, huenda salio halitoshi. Matokeo yenyewe huja baadaye, yakitumwa kwenye seva yetu na ResultCode yake: 0 pesa ikiingia, 1 salio lisipotosha, 1032 mwanachama akighairi, 1037 simu isipopatikana. Na kuna siku matokeo hayafiki kabisa, kwa sababu seva yetu ilizimika dakika ileile, ilhali pesa imeshatoka kwa mwanachama.

Kwa hiyo daftarini zinakaa hali nne: yameombwa, yamelipwa, yamekataliwa, hayajulikani. Nachora mishale kuonyesha ipi inaweza kugeuka ipi, na kwa idhini ya nani. Hiyo ya nne ndiyo inayonichukua muda, na ninaupa kwa moyo wote, kwa sababu humo ndimo mwanachama huingiwa na hofu ya pesa zake. Tukae muda gani kabla ya kuiuliza Daraja muamala umeishia wapi? Ikikosa jibu la kueleweka, ni nani mwenye ruhusa ya kuthibitisha kwa mkono, na atathibitisha kwa kuangalia nini? Halafu kuna maneno ya kwenye skrini, ambayo nayaandika mapema, neno kwa neno: "Ombi lako limefika. Tunasubiri uthibitisho wa M-Pesa. Kama umepata meseji ya M-Pesa, usilipe tena." Pasipo maneno hayo mtu atabonyeza tena, atalipa mara mbili, na mweka hazina atapigiwa simu usiku.

Taarifa moja ya malipo ikitufikia mara mbili, uamuzi ni mfupi: namba ya risiti ya M-Pesa haijirudii kwenye hifadhidata, basi nakala ya pili inapokelewa na haiongezi kitu.

Baada ya hapo daftari naliacha, nakwenda kwa mweka hazina. Mpango wangu huwa kurasa mbili za Kiswahili cha kawaida, bila jina hata moja la jedwali la hifadhidata, ili yeye ausome na kuupinga. Mpango ambao mweka hazina hawezi kuupinga siuhesabu kuwa mpango. Namwuliza hivi: "Mama, mwanachama anadaiwa mchango wa 1,000 na faini ya 200. Ametuma 1,000. Mnaanza kukata kipi?" Vyama vingine hukata faini kwanza, mchango ukabaki na deni la 200. Vingine hutanguliza mchango, faini ikasubiri. Jibu limo kwenye katiba ya chama au kwenye mazoea yao, na mimi sina haki ya kuwaamulia. Lakini linabadilisha kazi yangu yote: malipo mamoja yanaweza kugawanyika kuwa maingizo mawili au matatu ya hesabu, kwa hiyo malipo na mchango haviwezi kukaa kwenye safu moja ya jedwali. Kuligundua hili daftarini kunagharimu kufuta mstari. Kuligundua baada ya miezi ya hesabu za watu kunamaanisha kuhamisha kumbukumbu zao zote, shilingi kwa shilingi.

Jambo la pili la kumwuliza ni siku ya mwisho. Seva nyingi hutunza muda kwa UTC, saa rasmi ya kimataifa, na saa za Afrika Mashariki ziko saa tatu mbele. Mchango uliolipwa saa saba na nusu usiku, tarehe 1 Mei, seva inauandika saa nne na nusu usiku, tarehe 30 Aprili. Kama siku ya mwisho ilikuwa tarehe 30 Aprili, huyo amechelewa, na programu inamsamehe faini ambayo mwenzake aliyelipa asubuhi ametozwa. Wanachama hulinganisha, na imani ikishapotea kwenye chama cha akiba ni vigumu kuirudisha. Mpango wangu unasema wazi: tarehe ya kutoza faini huhesabiwa kwa saa za Nairobi.

Namba za simu hazinisumbui sana: watu huandika 07, 01 au +254, Daraja inataka 254 bila alama ya kujumlisha, na tunazigeuza pale pale mtu anapoandika. Ila naandika pia kwamba anayelipa si lazima awe mwenye mchango, maana mume humlipia mke na mtoto humlipia mzazi. Mchango unafuata akaunti iliyoomba, wala haufuati laini iliyolipa.

Mwishoni kuna orodha fupi ya yale ambayo hatuyafanyi safari hii: marejesho ya mikopo, malipo ya benki, kurudisha pesa iliyozidi. Mwenyekiti huisoma na kuikubali kabla sijaanza.

Kisha naanza kuandika msimbo, na kitufe huja mwisho kabisa. Cha kwanza kuandikwa ni ile sehemu ya seva inayopokea matokeo na kuyahifadhi yalivyo kabla ya kuyachambua, ili lolote likiharibika mbele, rekodi ya kilichotumwa iwepo.