Movie Maker katika Windows mpya: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wengi huamini kwamba Movie Maker, programu ya Microsoft ya kuhariri video, ilikufa tarehe 10 Januari 2017, siku ambayo kampuni hiyo iliiacha rasmi. Ukweli ni kwamba kampuni iliacha kuitolea marekebisho na kuacha kuigawa; nakala zilizokuwa tayari ndani ya kompyuta za watu hazikuguswa, na toleo la mwisho, lililotoka pamoja na kifurushi cha programu cha Windows Essentials 2012, kwa kawaida hufunguka hata katika Windows 10 na 11.

Husemwa pia kwamba kompyuta ya biti 64, yaani aina ya kompyuta nyingi za sasa, haiendeshi programu ya biti 32, ya aina ya zamani kama Movie Maker. Ndivyo ilivyo kwa kompyuta za Apple tangu macOS Catalina ya mwaka 2019, lakini sivyo kwa Windows.

Dhana yenye madhara zaidi ni kwamba faili la kusakinishia ni lilelile popote linapopatikana. Mnamo Novemba 2017 kampuni ya usalama wa kompyuta ya ESET ilifichua tovuti iliyokuwa miongoni mwa matokeo ya kwanza ya Google, ikigawa Movie Maker iliyochezewa: mtumiaji alihariri video yake bila tatizo, lakini alipotaka kuihifadhi alidaiwa dola 29.95, ilhali programu halisi ilikuwa ya bure. Udanganyifu huu unaniuma hasa kwa kuwa humnasa mtu akiwa amekwisha kuifanyia kazi video yake. Kabla ya kusakinisha, fungua sifa za faili na uhakikishe kwamba lina sahihi ya kidijitali ya Microsoft, yaani alama inayothibitisha aliyelitoa.

Kuchagua mpangilio wa upatanifu (compatibility mode) wa Windows 7 katika sifa za programu nako hakuongezi usalama. Huifanya programu ione kwamba imo katika mfumo wa zamani, wala hakuzibi udhaifu wowote.

Hatimaye, faili la mradi lenye kiishio cha .wlmp si video, bali ni maelezo ya mahali video asili zilipo na jinsi zilivyokatwa na kuunganishwa. Ukilihamisha peke yake, kompyuta mpya haitapata picha zozote, na hata Clipchamp, programu nyingine ya kuhariri video ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2021, hailifungui. Kwa hiyo, maadamu kompyuta ya zamani bado inawaka, fungua kila mradi humo humo na uuhifadhi kama video ya MP4.