Shemeji, daktari wa simu habahatishi (sana)

Jumapili iliyopita, kwenye kikao cha harusi, shemeji yangu alisimama kutaja ahadi yake ya mchango, akamalizia kwa kunichokoza: "Na shem wetu hapa, daktari wa kwenye simu, yeye msimdai. Anabahatishaga tu, hata mchango atabahatisha." Ukumbi ukacheka. Nikacheka na mimi, maana kikao cha harusi si mahali pa kugombana. Ila hiyo ilikuwa mara ya nne ndani ya wiki moja nasikia kauli hiyo. Mara tatu za mwanzo ilitoka kwa wagonjwa wangu: "Sasa dokta, utajuaje bila kunipima?" Leo niko off, chai ipo mezani, acha niandike.

Imani yenyewe iko hivi: kutibiwa ni kupimwa. Anayekutoa damu ndiye daktari. Anayekuuliza maswali bado anatafuta pa kuanzia. Kwa hiyo daktari wa simu, ambaye hana cha kufanya ila kuuliza, ni ndugu wa mpiga ramli, tofauti yao ni bando.

Kikao kilipoisha, mchokozi wangu huyo huyo alinivuta kando, akachomoa karatasi kwenye pochi. Alikuwa amechoka wiki mbili, akaenda maabara moja mjini, "wakanipima kila kitu." Karatasi ilisema ana malaria 2, kipimo cha Widal kinasoma taifodi, na kwenye mkojo kuna pus cells (seli za usaha), yaani UTI. Magonjwa matatu kwa mpigo. Akapewa mseto, akachomwa sindano, akaongezewa vidonge vya siku saba. Dozi zote amemaliza, uchovu uko palepale.

Nikamuuliza usiku anaamka mara ngapi kwenda haja ndogo. Nne, wakati mwingine tano. Kiu? Analala na chupa ya lita moja na nusu kando ya kitanda, alfajiri haina kitu. Mkanda? Ameongeza tundu jipya kwa msumari. Kwenu kuna mwenye sukari? Marehemu mama. Muda wote huo sikumgusa hata bega. Maswali hayo ningemuuliza kwa kitochi chenye kioo kilichopasuka, na majibu yangekuwa yale yale. Kwenye ile karatasi ya "kila kitu", sukari haikuwemo.

Nilimwambia asubuhi akapime sukari kabla hajala. Nitarudi kwake.

Hapa ndipo ninapopandwa na presha, kwa hiyo nivumilieni. Kipimo hakijui unaumwa nini. Kipimo kinajibu swali uliloliuliza, na ukiuliza swali la hovyo kitakujibu hovyo, kwa maandishi, na mhuri juu. Tuseme kuna vipimo vinne, na kila kimoja kinakosea mara 5 kwa kila watu 100 wasioumwa. Hicho ni kipimo kizuri sana. Sasa mpime mtu asiyeumwa chochote vyote vinne. Uwezekano wa angalau kimoja kumsingizia ugonjwa unakaribia mtu 1 kati ya 5. Na vipimo vyetu vingine havifikii hata hapo. Widal inatafuta kinga ya mwili dhidi ya vimelea vya taifodi, na kinga hiyo inaweza kubaki tangu uliumwa zamani, au ikaonekana kwa sababu ya ugonjwa mwingine kabisa. Mtu aliyekulia kwenye mji wa maji ya visima ana nafasi nzuri ya kuwa na "taifodi" ya karatasi mwaka mzima. Kinachostahili ni kuotesha damu maabara kuona kama vimelea vyenyewe vimo, jambo ambalo zahanati nyingi haziwezi. Mkojo nao: ukikinga ule wa mwanzo badala ya wa katikati, bila kujisafisha, pus cells utaziona tu. Ndiyo maana kila mwanamke ninayeongea naye ana "UTI sugu". Nikiuliza kama anasikia maumivu akikojoa, ananiambia hapana, ila mgongo unauma na kazini wanamsumbua.

Hata mRDT, kile kipimo cha haraka cha malaria, ambacho nakiheshimu, kina hila yake. Kinanasa protini ya mdudu wa malaria, na protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mdudu kufa. Mtu anameza mseto vizuri, anapona, wiki ya pili anapata mafua, anapima, mistari miwili. "Malaria imegoma, dokta." Haijagoma, mama. Umeona kaburi lake.

Sisemi vipimo havina maana. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila anayehisiwa malaria apimwe kwanza ndipo apewe dawa, na mimi kwenye simu siandiki mseto bila mRDT, hata ukinililia. Ukinipigia una homa nakutuma zahanati. Lakini ni maongezi yetu yaliyoamua upimwe nini, uende leo au kesho, na jibu likitoka tuliamini kiasi gani. Maswali ndiyo yanayochagua kipimo. Wengi wanadhani mambo yanakwenda kinyume chake.

Kuna utafiti mdogo ambao madaktari tunapenda kuutaja, uliochapishwa mwaka 1975 kwenye jarida la madaktari la Uingereza. Hampton na wenzake waliwafuatilia wagonjwa wapya 80 wa kliniki ya nje. Kwa 66 kati yao, maelezo ya mgonjwa pekee yalitosha kufikia ugonjwa ule ule uliokuja kuthibitishwa mwishoni. Uchunguzi wa mwili ulibadilisha mambo kwa 7, maabara kwa 7 wengine. Nimewahi kuwatupia namba hizo wabishi wengi. Kwa haki niseme pia zisichosema: wale walikuwa watu wazima, wamekuja na barua ya daktari mkononi, wameketi mbele ya bingwa anayewaona wanavyopumua. Si mtoto wa miezi 8 mwenye homa huko Kahama, anayesemewa na bibi, mtandao unakatika. Mimi mwenyewe sijui ile 66 kati ya 80 ingekuwa ngapi kwangu. Nahisi ingepungua. Kiasi gani, siwezi kuapa.

Kwa hiyo simu inapungukiwa, ila si pale mnaponyooshea kidole. Mnalilia maabara. Mimi nalilia mkono wa kubonyeza tumbo. Nalilia ile hatua ya mgonjwa kuingia mlangoni, ambayo daktari mzoefu anaisoma kabla ya shikamoo. Nalilia harufu ya kidonda.

Upumuaji nimeupatia ujanja. Mtoto akikohoa, namwambia mama aweke spika, amfunue kifua akiwa ametulia, halafu kila tumbo linapopanda aseme "hop". Naangalia saa dakika nzima, nahesabu mimi. Chini ya miezi 2, zikifika 60 ni nyingi. Miezi 2 hadi kabla ya mwaka, 50. Mwaka hadi miaka 5, 40. Zikifika hapo, au mtoto ameshindwa kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea haamki vizuri, mazungumzo yameisha, ni kituo cha afya sasa hivi. Hakuna kamera hapo, na katika kazi yangu video inanisaidia mara chache kuliko mnavyodhani. Hata picha za upele: ngozi nyeusi, taa ya njano, kamera yenye mafuta ya maandazi. Wekundu wa vitabuni huuoni. Na tafadhali, picha za sehemu za siri msinitumie kwenye namba yangu binafsi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na mimi nina watoto wanaochezea simu yangu.

Kitu kinachonitesa kuliko vyote hakipo kwenye mafunzo niliyopewa. Mwenye simu ndiye anayeongea. Mgonjwa ni binti wa miaka 17, simu ni ya mama mkubwa. Naambiwa "tumbo linamsumbua, hataki kula." Naomba niongee na mwenyewe. Anapewa simu, spika haizimwi. Nitaulizaje siku zake za mwisho zilikuwa lini, na mama mkubwa kaegemea mlango? Nimejifunza kusema: "Nitakuuliza, wewe nijibu ndiyo au hapana tu." Inafanya kazi mpaka mama mkubwa aulize, "Ndiyo nini?" Kwenye chumba changu cha kliniki ningemwomba mama akasubiri nje, na angetoka. Kwenye simu sina mlango wa kufunga. Wake za watu wanapiga waume wakiwa wamekaa pembeni, wazee wanasemewa na wajukuu ambao hawajui babu anakunywa dawa za presha au ameziacha tangu Ramadhani. Watu wakisema simu imesogeza huduma kwa kila mtu, mimi huuliza: kwa kila mtu, au kwa kila mwenye laini?

Na nimewahi kukosea. Kijana alipiga saa tatu usiku, tumbo limeanza kuuma karibu na kitovu, kichefuchefu kidogo, homa hana. Nikamuuliza yote ya kuuliza. Nikamwambia maumivu yakihamia chini upande wa kulia, au yakizidi akitembea, anipigie muda huo huo, kinaweza kuwa kidole tumbo. Maneno mazuri, ya kitabuni kabisa. Maumivu yalihama saa nane usiku, kama nilivyomweleza. Yeye hakuwa na salio, simu ikazima chaji, akapata ya jirani saa nne asubuhi. Alifanyiwa upasuaji salama, lakini zile saa nane ni zangu. Nilimpa maagizo yanayomtegemea mtu mwenye umeme. Siku hizi tumbo la namna hiyo silisubiri linipigie. Naandika saa kwenye kiganja, napiga mwenyewe, na nikikosa kumpata mara mbili namtafuta kwa namba ya ndugu, ambayo nimeiomba mwanzoni kabisa. Wenzangu wengine wanaona naonea watu usingizi. Waone.

Jambo lingine tusilosema hadharani: antibiotiki. Nikiwa kliniki nasikiliza kifua, kiko safi, namwambia mtu nenda kanywe maji, kwa kujiamini. Kwenye simu kifua sikisikii, na mkono unawashwa kuandika amoxicillin "kwa usalama". Usalama wa nani? Wangu. Mgonjwa naye anasukuma: "Wewe nitumie jina la dawa kwa meseji, duka la dawa hili hapa." Najitahidi kukataa. Usiku wa manane, simu ya arobaini, siwezi kusema nakataa kila mara inapostahili.

Kuna wanaonijibu kwamba basi mambo haya ni ya Ulaya, huku hayawezekani. Si kweli, na mfano uko jirani. Rwanda walianza mwaka 2016 na Babyl, huduma ya daktari kwa simu. Mtu alibonyeza *811# kwa kitochi chochote, akapigiwa, nesi akamsikiliza kwanza na kumpandisha kwa daktari ikibidi, akatumiwa namba kwa meseji ya kwenda nayo duka la dawa au maabara. Oneni hapo, wabishi wangu: simu ilimpeleka mtu maabara, haikuchukua nafasi yake. Mutuelle, bima ya afya ya jamii ya kule, ikaunganishwa. Waliojiandikisha walipita milioni 2, na mwaka 2020 serikali ikasaini nao mkataba wa miaka 10. Mwaka 2023 kampuni mama ya London, Babylon, ikaanguka, na huduma ya Rwanda ikafungwa nayo. Kilichowaangusha hakikuwa wagonjwa kukataa daktari wasiyemwona. Ni hela, tena hela za mbali. Sisi tuna namba 115 ya bure, ya kumwitia usafiri mama mjamzito au mtoto mchanga aliyezidiwa, chini ya mpango wa m-mama. Hakuna daktari wa kwenye kioo hapo. Kuna mtu anayepokea, anauliza maswali kwa mpangilio, na gari linatumwa. Ukiniuliza teknolojia ipi ya afya naionea wivu, ni hiyo: maswali, na dereva.

Nimerudi kwa shemeji. Jumatatu saa mbili asubuhi alinipigia kutoka kituo cha afya. Sukari kabla ya kula, 14.2. Mpaka ni 7. Wamemwanzishia metformin, dawa ya sukari, na wamempangia kliniki, nami nimemweleza mambo ya miguu na macho, kwa simu, dakika ishirini, kwa bando lake.

Kabla hajakata akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ila shem, umeona lakini? Mpaka nilipopimwa ndiyo ikajulikana."