Leza inachora vipi ndani ya kioo bila kugusa nje

Kuna zile zawadi za kioo, mche mzito una picha ya Kaaba au ya maharusi inaelea ndani, watu huweka kwenye kabati sebuleni. Nikisema tu kazi yangu ni leza basi swali ni hilo, hiyo picha imepitia wapi? Na la pili, mbona fundi wa mabango hapa Mwembe Tayari, Mombasa, ana leza na hawezi?

Leza za hao mafundi wengi ni za CO2, yaani za gesi ya kaboni dioksaidi, wimbi lake ni mikromita 10.6 (mikromita ni milimita moja uigawe mara elfu), na kioo kinaufyonza mwanga huo palepale juu, kwa hivyo jina lako atalichora nje lakini ndani haingii ng'o. Sisi tunatafuta mwanga ambao kioo hakiuzuii, unapita zake, halafu tunaukusanya kwa lenzi mpaka ukutane kwenye nukta moja huko ndani. Pale juu umetawanyika hauna madhara, ukifika kwenye nukta umebanana mpaka kioo kinashindwa kuvumilia. Utazame ule mche kwa karibu, utaona hakuna mstari hata mmoja, ni vidoti vyeupe maelfu na kila kidoti ni kijiufa.

Lakini hiyo bado ni kazi kubwa kubwa. Tukitaka vidogo kweli tunatumia mapigo ya femtosekunde, yaani sekunde moja uigawe mara trilioni elfu moja. Kwa femtosekunde 100 hata mwanga wenyewe unatembea mikromita 30 tu, haujavuka upana wa unywele. Elektroni zinapokea nishati, na kabla hazijaigawia atomu zilizo jirani pigo limeshakwisha, joto halijapata nafasi ya kusambaa, ukingo unatoka safi haujayeyuka. Ndio maana madaktari wa macho huzitumia kukata kile kifuniko chembamba cha konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho.

Na watu hudhani lazima leza iwe na nguvu za kutisha, wapi! Wastani wa miliwati 20 unatosha kwa kazi nyingi, ila ukizigawa kwa mapigo milioni 80 kila sekunde, kila moja la femtosekunde 100, kilele cha pigo kinafika kilowati 2.5. Siri ni kubana, kwa muda na kwa nafasi.

Sasa mimi kazi ninayoipenda zaidi ni ya resini, ule ute wa plastiki unaoganda. Resini hii hugandishwa na mwanga wa urujuani, sisi tunaipiga na mwanga mwekundu usioonekana vizuri, nanomita 800 (yaani mikromita 0.8), ambao fotoni yake moja, chembe moja ya mwanga, haitoshi. Ni kama gunia la viazi pale Kongowea, hamali mmoja halinyanyui, wawili wakilishika kwa pamoja linapanda. Fotoni mbili lazima zifike wakati mmoja mahali pamoja, na ukipunguza mwanga nusu, uwezekano unashuka mpaka robo, kwa hivyo panapoganda ni katikati ya nukta peke yake. Mwanafizikia Maria Göppert-Mayer alilipigia hesabu jambo hili 1931, leza hazijazaliwa, ikabidi kungoja mpaka 1961 lionekane.

Mwaka 2001 watafiti wa Osaka, Japani, wakachonga fahali kwa njia hii, urefu mikromita 10, kimo 7, yaani saizi ya chembe nyekundu ya damu, na pembe anazo.

Kuchonga kwenyewe kumbe si ndio balaa. Balaa ni kuosha. Unaisuuza resini ambayo haijaganda, kisha kile kimiminika kinapokauka kinavuta vijinguzo vyako mpaka vinalaliana, kazi ya asubuhi nzima chini. Wengine hukausha kwa kaboni dioksaidi yenye mgandamizo mkubwa ili kusiwe na uso wa maji wa kuvuta. Na ni pole pole mno, nukta kwa nukta, kitu cha milimita chache kinakula masaa, kwa hivyo anayekwambia itachukua nafasi ya viwanda anakupiga porojo tu.

Inakofaa ni kwenye vitu kama vya watafiti wa Stuttgart, Ujerumani, 2016 walichapa lenzi kadhaa zikapandana kwenye ncha ya uzi wa faiba. Uzi wa faiba, ule ule wa kioo ulio ndani ya nyaya za baharini zinazotua hapa Mombasa, ni mikromita 125 kwa upana, na lenzi zote zilienea pale, kamera ya kupita ndani ya sindano.